Kujifunza mifupa ya fuvu kwa kufuata asili yake: mwongozo kamili wa kichwa cha samaki, cha mbuzi na cha mtoto mchanga

Mwanafunzi wa uganga au uuguzi akifika kwenye somo la fuvu hupewa orodha ya mifupa 22 aikariri. Anaikariri, anafaulu, na muhula unaofuata amebaki na majina matano. Nimesoma na vijana wa vyuo vya afya hapa Mtwara na wa kidato cha sita wanaochukua baiolojia, na ninalowaambia ni moja: usianze na jina la mfupa, anza na ulikotoka. Ukijua seli zilizoujenga zilitoka upande gani wa kiinitete, na kama mfupa wenyewe ulipitia gegedu (tishu laini inayopindika, kama ya sikio) au haukupitia, basi umbo lake, majirani zake na hata maradhi yake yanashikika kwa urahisi.

Mafuvu ya plastiki ni ghali, na chuoni utakuta moja linagombewa na darasa zima. Lakini Mtwara na Lindi hazikosi samaki wala mbuzi. Kichwa cha samaki aina ya changu kutoka soko la Feri, kichwa cha mbuzi kutoka kwa muuza supu, na kichwa cha mtoto mchanga ambacho utakigusa tu kwa vidole: kwa vichwa hivyo vitatu utaelewa fuvu kuliko mwenye picha peke yake.

Tahadhari mbili kabla ya kitu chochote. Usitumie fuvu la binadamu kwa namna yoyote, hata kama limefichuliwa na mvua au na watu wanaochimba msingi wa nyumba. Hayo ni mabaki ya mtu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi na uyaache pale pale. Pia usiokote kichwa cha mnyama aliyejifia. Kimeta huua, na vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mzoga kwa muda mrefu sana. Chukua kichwa cha mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa, na uvae glovu.

Elewa maswali mawili kabla ya kushika kisu

Swali la kwanza ni seli zilitoka wapi. Katika wiki ya nne tangu mimba itungwe, kiinitete kikiwa na urefu wa milimita chache tu, mrija wa neva unafungwa mgongoni. Seli zilizo kwenye kingo za mrija huo hung'oka na kusafiri kwenda mbele, kwenye uso na kwenye matao ya koo, yaani vijitao vilivyo pande mbili za koo la kiinitete. Hizo ndizo seli za ukingo wa neva. Asili yake ni ektoderma, tabaka lile lile linalotoa ngozi na ubongo, na bado kichwani zinajenga mfupa. Kundi la pili ni mesoderma, tabaka la kati la kiinitete, iliyolala kandokando ya mrija. Kuanzia usawa wa kisogo kwenda chini mesoderma hiyo hukatika vipande vinavyoitwa somiti, na somiti za mwanzo kabisa ndizo zinazojenga sehemu ya chini ya kisogo.

Tumeyajuaje haya? Nchini Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Nicole Le Douarin alipandikiza seli za kware kwenye kiinitete cha kuku. Kiini cha seli ya kware kina alama inayoonekana kwenye hadubini, kwa hiyo aliweza kuona kila seli ilikoishia. Kwa mamalia, kazi ya panya iliyochapishwa mwaka 2002 ilionyesha kwamba mfupa wa paji unatoka kwenye ukingo wa neva, ilhali parietali, jirani yake wa nyuma, inatoka kwenye mesoderma. Mpaka kati ya makundi hayo mawili unapita karibu kabisa na mshono (kiungo kati ya mifupa ya fuvu) wa mbele, ule unaotoka sikio hadi sikio juu ya kichwa.

Swali la pili ni mfupa ulijengwaje. Njia ni mbili. Seli zinaweza kujikusanya ndani ya utando na kugeuka mfupa moja kwa moja. Hivyo ndivyo dari la fuvu na sehemu kubwa ya uso vinavyojengwa. Au gegedu hutangulia, kisha mfupa unachukua nafasi yake. Hivyo ndivyo sakafu ya fuvu inavyojengwa.

Wanafunzi wengi huyachanganya maswali haya. Hudhani kila kinachotoka kwenye ukingo wa neva ni mfupa wa utando, na kila cha mesoderma ni cha gegedu. Sivyo. Parietali ni ya mesoderma lakini ni ya utando. Nyundo na fuawe za sikio ni za ukingo wa neva lakini zilipitia gegedu. Kwa sababu hiyo tutatumia alama mbili tofauti: rangi kwa swali la kwanza, doti kwa swali la pili.

Vifaa

Nunua rangi za kucha tatu: nyekundu kwa ukingo wa neva, bluu kwa mesoderma, njano kwa mfupa wenye mchanganyiko. Rangi ya kucha hushika kwenye mfupa na hukauka upesi. Tafuta pia kalamu nyeusi isiyofutika kwa ajili ya doti za gegedu, mswaki wa zamani, kibanio, waya mwembamba, sabuni ya unga, sahani nyeupe, na sufuria ambayo haitarudi jikoni. Duka la dawa litakuuzia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Usitumie jik. Inafanya mfupa uwe mweupe leo na kuulainisha hadi unameguka baadaye.

Hatua ya kwanza: samaki

Chagua changu mkubwa, mwenye kichwa cha ukubwa wa kiganja au zaidi. Jodari ana mafuta mengi, atakusumbua. Mwambie anayepaa samaki akate nyuma ya kifuniko cha matamvua, asiguse mashavu wala taya.

Weka kichwa kwenye bakuli, mimina maji yaliyochemka, funika kwa muda wa kama dakika 10. Usikichemshe jikoni, maana mifupa itaachana yote kwa pamoja na utabaki na rundo usilolijua. Ngozi ikilegea, fanya kazi upande mmoja tu. Upande wa pili uache kama ulivyo, ndio utakaokuonyesha kila kipande kilikaa wapi.

Anza na bamba kubwa linalofunika matamvua. Halina mwenzake kwa binadamu, lakini lishike na uliangalie kwenye mwanga: ni jembamba na lina mistari inayotawanyika kutoka pembeni mwake. Huo ni mfupa wa utando, uliokua kutoka sehemu moja ukienea nje. Mistari ya namna hiyo hiyo huonekana kwenye parietali ya kichanga.

Sasa nenda kwenye taya, kwani hapa ndipo samaki anapolipa gharama yake. Fungua na ufunge mdomo ukiangalia bawaba. Mfupa wa chini ya bawaba, ulio mwishoni mwa taya la chini, ni artikula. Wa juu, unaoipokea, ni kwadrati, umbo lake karibu na pembetatu. Kisha fuata juu kuelekea nyuma ya jicho hadi kwenye mfupa mrefu unaoning'iniza taya lote kwenye fuvu: hiyomandibula. Toa hivi vitatu taratibu, visafishe, vipange kwenye sahani kwa utaratibu uliovikuta.

Mwaka 1837 mwanaanatomia Mjerumani, Karl Reichert, aliyekuwa akichunguza viinitete, alionyesha kwamba vifupa vya sikio la mamalia vinatokea kwenye vipande vile vile vinavyounda bawaba ya taya kwa wanyama wengine. Artikula ya samaki ndiyo nyundo yako kwa sehemu kubwa, kwadrati ndiyo fuawe, na hiyomandibula ndiyo kikuku. Viwili vya kwanza ni vya tao la kwanza la koo, cha tatu ni cha tao la pili. Ndiyo maana neva ya tano, ya tao la kwanza, inaendesha misuli ya kutafuna na pia msuli mdogo ulioshikamana na nyundo. Na neva ya saba, ya tao la pili, inaendesha misuli ya uso na pia msuli wa kikuku. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja wa uso akakwambia sauti zinamkera sikioni, sababu yake umeishika mkononi hapo kwenye sahani.

Kati ya samaki na mbuzi, Tendaguru

Watu wa Lindi wanakijua kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji. Kati ya mwaka 1909 na 1911 Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria pale, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wa wachimbaji, na mizigo ikabebwa kwa miguu na watu wetu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka pale, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Wanyama wa jamii yake hupatikana mara nyingi bila kichwa. Mifupa ya fuvu lao ilikuwa myepesi na imeungana kwa ulegevu, hivyo mnyama akifa kichwa huachana mapema na vipande hutawanyika. Hiyo ndiyo kazi ya mshono kuwa dhaifu au imara. La pili linalotuhusu ni taya: taya lao la chini lilikuwa na mifupa kadhaa, bawaba ilikuwa bado ni artikula na kwadrati kama ya changu wako, na sikioni mlikuwa na kifupa kimoja tu. Mamalia peke yao ndio wenye taya la mfupa mmoja kila upande na vifupa vitatu sikioni. Nasikitika kwamba mwanafunzi wa Lindi hana fuvu hilo la kulitazama karibu, maana linakaa vizuri kabisa kati ya vichwa hivi viwili.

Hatua ya pili: kusafisha kichwa cha mbuzi

Mwahi muuza supu mapema, kabla hajapasua. "Shikamoo mjomba, naomba kichwa kizima, usikipige shoka." Ukichelewa utapewa vipande viwili na ubongo haumo. Mbuzi mchanga ni bora kuliko beberu mzee, kwa sababu mishono yake bado iko wazi. Kama kimeshababuliwa manyoya haidhuru, ila kisiwe kimeungua hadi mfupa.

Chuna ngozi, toa macho na ulimi, tenganisha taya la chini. Kisha weka kwenye maji yenye sabuni kidogo na uchemshe kwa moto mdogo sana, maji yatetemeke tu. Moto mkali hupasua mifupa ya pua, na hiyo haiungiki tena. Badilisha maji yakichafuka. Nyama ikiachia, sugua kwa mswaki. Ubongo utoe kupitia tundu kubwa la kisogo: koroga kwa waya uliopindwa, mimina maji, tikisa, rudia. Maganda ya pembe huchomoka kwa kuzungushwa baada ya kulowa vizuri, na chini yake utakuta kiini cha mfupa kilichoota juu ya mfupa wa paji.

Chuja maji yote unayomwaga kwa kitambaa. Mbuzi mchanga huangusha vifupa, na kisichoonekana leo utakihitaji kesho.

Baada ya hapo loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, siku kadhaa, ukibadilisha maji, hadi mafuta yasielee tena. Mwisho loweka kwenye haidrojeni peroksaidi siku moja au mbili, suuza, anika kivulini. Hali ya hewa ya pwani yetu ni ya unyevu, kwa hiyo usiwe na haraka. Mfupa uliokauka nje na kulowa ndani huota ukungu. Utundike kwenye wavu, mbali na sisimizi, paka na mbwa.

Hatua ya tatu: kupaka rangi

Anzia juu. Mifupa ya paji ni miwili kwa mbuzi na mshono wake wa kati unaonekana wazi. Kwa binadamu huungana katika mwaka wa kwanza. Nyekundu, bila doti. Parietali ziko nyuma ya pembe, ndogo kuliko utakavyotarajia: bluu, bila doti. Tazama mpaka wa rangi mbili ulioupata sasa hivi.

Uso wote upake nyekundu bila doti: mifupa ya pua, ya machozi, ya shavu, taya la juu, mifupa ya kaakaa na vomeri, mfupa wa ukuta wa kati wa pua. Mbele kabisa ya taya la juu mbuzi ana mifupa miwili mirefu isiyo na meno, premaksila. Kwa binadamu mifupa hii huungana na taya la juu mapema kiasi kwamba wengi walikana kuwa tunayo, hadi mwaka 1784 Goethe, mshairi wa Kijerumani aliyependa anatomia, alipoonyesha alama yake. Mtoto anayezaliwa na mdomo sungura ulioingia hadi kwenye ufizi, mwanya wake kwa kawaida hupita kwenye mpaka huu huu. Mdomo wa juu hukamilika kabla ya wiki ya nane, kaakaa hufuata hadi karibu na wiki ya 12.

Taya la chini: nyekundu, bila doti. Ndani ya tao la kwanza huwa kuna ufito wa gegedu, gegedu la Meckel, lakini taya halitokani nalo. Linajengwa ndani ya utando pembeni yake. Ncha ya nyuma ya ufito huo ndiyo inayogeuka nyundo na fuawe. Kidevuni, taya la mbuzi hukaa vipande viwili maisha yake yote, ilhali la mtoto wa binadamu huungana katika mwaka wa kwanza.

Pindua fuvu utazame sakafu. Kuzunguka tundu kubwa la kisogo ni bluu yenye doti: hapa ni somiti na gegedu. Mabapa ya juu ya kisogo hayakupitia gegedu, hivyo usiweke doti hapo. Goethe na mwanasayansi Mjerumani Oken waliamini fuvu zima ni pingili za uti wa mgongo zilizobadilika. Mwanabiolojia Mwingereza Huxley aliipinga hoja hiyo London mwaka 1858 kwa ushahidi wa viinitete, naye alikuwa sahihi kwa fuvu kwa jumla. Lakini sehemu hii moja ya kisogo kweli ina asili moja na pingili.

Mbele yake, katikati ya sakafu, utaona mistari miwili inayokata fuvu kwa upana. Ni gegedu lililobaki kati ya mfupa wa kisogo na sfenoidi (mfupa wa katikati ya sakafu ya fuvu) ya nyuma, na kati ya sfenoidi ya nyuma na ya mbele. Kwa binadamu sfenoidi mbili huungana na kuwa moja, na mstari kati ya sfenoidi na kisogo hufunga katika umri wa kubalehe. Paka sfenoidi ya nyuma bluu, ya mbele nyekundu, zote kwa doti. Mpaka wa asili upo usawa wa shimo la tezi ya pituitari. Mabawa makubwa ni nyekundu. Ethmoidi, iliyojificha nyuma ya pua, ni nyekundu yenye doti, na konka za pua, vifupa vilivyojikunja ndani ya pua, vivyo hivyo.

Nimeacha mfupa wa panja mwisho kwa makusudi. Mwanafunzi akiuelewa huu, fuvu amelishinda. Mfupa mmoja wa binadamu mzima una ndani yake vipande vya asili mbalimbali. Bapa la juu linaloelekea shavuni ni la utando na la ukingo wa neva: nyekundu, bila doti. Kipande cha mlango wa sikio, nacho nyekundu, bila doti. Kichokoo chembamba cha chini, stiloidi, ni cha tao la pili: nyekundu, doti. Na kile kigumu kama jiwe kinachozunguka sikio la ndani kilipitia gegedu, sehemu kubwa mesoderma na kidogo ukingo wa neva: njano, doti. Kwa mbuzi mchanga kipande hiki kigumu, pamoja na cha mlango wa sikio, mara nyingi huchomoka chenyewe. Ukikipata, kishike juu ya sahani nyeupe, tundu la sikio likielekea chini, ukigonge taratibu kwa kidole. Vifupa vikidondoka, viweke pembeni ya vile vitatu vya changu.

Sasa rangi zikuhudumie wodini. Katika akondroplasia, hali ya kuzaliwa inayoleta ufupi, tatizo ni ukuaji wa gegedu: sakafu yenye doti inakuwa fupi, dari lisilo na doti linakua kawaida, ndipo paji linatokeza na mzizi wa pua unabonyea. Katika disiplasia ya kleidokraniali, yenye hitilafu kwenye jeni ya RUNX2, kinachoumia zaidi ni mfupa wa utando: utosi unachelewa sana kufunga na mitulinga huwa midogo au haipo, kwa kuwa mtulinga nao kwa sehemu kubwa hujengwa kwa njia ya utando.

Hatua ya nne: kichwa cha kichanga

Hili lifanyike kliniki, chini ya msimamizi wako, kwa ruhusa ya mama. Msalimie, mweleze unachotaka kufanya, nawa mikono na uipashe joto. Mtoto awe ametulia na ameshikwa wima. Akilia au akilala chali utosi hubadilika na utasoma vibaya.

Tumia pande za ndani za ncha za vidole viwili, bila kubonyeza. Anzia katikati ya paji na upande juu kwa kufuata mshono hadi uingie kwenye utosi wa mbele, uwazi wa pembe nne. Uko pale mifupa miwili ya paji inapokutana na parietali mbili, yaani nyekundu na bluu. Endelea nyuma kwenye mshono wa kati hadi utosi wa nyuma, pembetatu ndogo. Huo kwa kawaida hufungwa ndani ya miezi miwili au mitatu, na wa mbele kati ya miezi 12 na 18, kwa wengine hadi miaka miwili. Kuna tosi nyingine mbili kila upande, kwenye panja na nyuma ya sikio, ambazo ni vigumu kuzisikia. Kwa mtoto wa siku chache utaweza kukuta mfupa mmoja umepanda juu ya mwenzake. Ni alama ya kupita njia ya uzazi na hujirekebisha.

Utosi wa kawaida uko sawa au umebonyea kidogo, na unapiga pamoja na moyo. Uliodidimia kwa mtoto anayeharisha ni dalili ya kupungukiwa maji. Uliovimba na kukaza kwa mtoto mwenye homa au anayetapika unaashiria homa ya uti wa mgongo au shinikizo ndani ya fuvu: mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, na familia iliyokuwa inapanga kupaka dawa ya mitishamba kwanza ielezwe kwa upole na kwa uwazi kwamba haifai kusubiri. Ukikuta kichwa kinapinda umbo na mahali pa mshono pana tuta gumu, andika na umwambie msimamizi. Huenda mshono umefunga mapema.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Fuvu la mbuzi likae kwenye boksi lenye matundu, si mfuko wa plastiki. Mifupa ya samaki igundishe kwenye kadi ngumu kwa utaratibu wa kichwani, upande uliofumua pembeni ya upande uliouacha. Vifupa vya sikio viweke ndani ya kichupa cha dawa chenye pamba. Kwenye kila kimoja andika aina ya mnyama, ulikokipata, tarehe, na ufunguo wa rangi zako, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka ujao hatajua kwamba njano kwako ilimaanisha mchanganyiko.